Makamu Kumi na Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Siku tano zimebaki niwe mwenyekiti wa klabu ya vijana. Nimeanza shajara hii ili watakaoandika habari zangu baadaye wasihangaike.

Mpinzani wangu ni mmoja tu, fundi cherehani tunayemwita Kimya. Mwaka jana alipojiunga alishindwa hata kutaja jina lake mbele ya watu. Alitazama kandambili zake mpaka mlezi wetu, mkunga mstaafu, akamwambia aketi. Sasa ni katibu na anataka kiti. Mlezi anasema hiyo ndiyo kazi ya klabu, kukuza viongozi. Mimi nilishakua. Nina miaka ishirini na saba.

Ila kuna jambo. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye nalala sebuleni kwake mwaka wa pili huu, ana karakana ya kuchomelea vyuma. Amesema nisipopata cheo Jumamosi, Jumatatu nivae ovaroli. Mimi, kwenye cheche na moshi! Nimemjibu kwamba uenyekiti uko mfukoni. Akautazama mfuko wangu.

Jumanne, 5 Machi

Kwa desturi ya klabu, kila mgombea hupewa wiki yake ya kushika ufunguo wa ukumbi. Anafungua, anafagia, anapanga viti. Wiki iliyopita ilikuwa ya Kimya. Alifagia mpaka chini ya kabati. Kujikosha tu. Wiki hii ni yangu. Nimefika saa kumi na nusu badala ya saa kumi, maana kiongozi husubiriwa. Nimewakuta wameketi kwenye ngazi, nyuso zimewavimba. Sikufagia. Vumbi halina kura.

Somo la leo lilikuwa uendeshaji wa mikutano, na mwalimu eti ni Kimya. Ajenda, kumbukumbu, barua zenye muhuri zinashughulikiwaje, porojo hizo. Nikasinzia kistaarabu, macho wazi. Nilipozinduka walikuwa wanapiga makofi. Nikapiga kuliko wote.

Wakati wa kufunga nikauona muhuri wa klabu kabatini. Mwenye ufunguo ni mimi. Wazo likanijia.

Jumatano, 6 Machi

Wanachama ni ishirini na watatu. Ukituondoa wagombea wawili, wanabaki ishirini na mmoja. Nahitaji kumi na mmoja.

Kuna wanaotafuta kura kwa kusikiliza shida za watu. Inachosha. Mimi nimeandika barua za uteuzi: kwamba mpokeaji ndiye makamu wangu, yeye peke yake, na iwe siri yetu. Kila barua nikaigonga muhuri, kwa nguvu. Ya kwanza nimempa kinyozi. Alifurahi mpaka mashine ikapitiliza, ikaondoka na nyusi yangu ya kushoto. Ya pili nikampa muuza maua, ya tatu dereva wa lori la taka. Kufika jioni nilikuwa na makamu kumi na mmoja. Kila mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyeniuliza nitaifanyia nini klabu. Afadhali, maana ningejibu nini?

Alhamisi, 7 Machi

Ufunguo umevunjikia ndani ya kufuli. Ni kweli jana nilifungulia nao chupa ya soda, lakini ufunguo wa maana ungevumilia. Nimewaambia kufuli ni la kizamani na uongozi unaomaliza muda wake ujibu.

Kimya hakumlaumu mtu. Akasema mkutano ufanyike barazani, na yeye mwenyewe atatafuta fundi. Kisha akamwomba msichana mmoja mwenye kigugumizi aongoze mjadala. Dakika nzima kulipata neno moja! Nao wakamsubiri. Hakuna aliyemkatiza isipokuwa mimi, mara tatu. Mlezi akaniangalia kwa jicho la pembe. Uongozi gani huu wa kusubiriana?

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha bafuni. Dada amegonga mlango mara nne akisema watu wana haja zao. Hotuba haikatizwi.

Shemeji ameweka ovaroli juu ya kochi ninalolalia, imekunjwa vizuri. Nimeifanya mto. Baadaye dada akaja kuniuliza kwa upole kama kweli nina hakika. Nikamwambia ajizoeze kuitwa dada wa mwenyekiti. Akasema mtaani ameshaitwa mengi kwa sababu yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa hasira.

Kufuli lilikatwa asubuhi, tukaingia. Kabla ya kura Kimya akauliza nani ana barua yenye muhuri, kwa kuwa kanuni inataka kila barua yenye muhuri isomwe mbele ya wanachama wote. Kumbe ndilo lililokuwa somo la Jumanne. Watu kumi na mmoja wakainuka, kila mmoja na tabasamu lake. Walipoonana, yakawakauka mdomoni.

Akazisoma zote. Sauti ileile, polepole, hata tarehe hakuruka. Makamu kinyozi. Makamu muuza maua. Kufika ya nne ukumbi mzima ulikuwa unacheka, mlezi anafuta machozi kwa kiganja. Sikutishika. Mtu akikuchekea ameshakuzoea. Nilipopewa nafasi ya kujieleza nikasema uongozi imara unahitaji makamu wengi.

Kisha kura. Kwetu wagombea huelekea ukutani na wanachama husimama nyuma ya wanayemtaka, ili mgombea asimtolee mtu macho. Nikasikia miguu ikiburuzwa. Nikasikia mtu anahema nyuma yangu, karibu kabisa. Nikaanza kumshukuru huku nautazama ukuta. Nilimshukuru dakika mbili nzima, nikamwita nguzo yangu. Mlezi akaniambia nigeuke.

Nyuma ya Kimya walisimama watu ishirini na mmoja. Nyuma yangu alisimama mtu mmoja, futi ya kupimia mkononi, amekuja kupima mlango ulio kando yangu ili auwekee komeo jipya. Shemeji. Ndiye fundi aliyetafutwa. Wala si mwanachama. Akanishukuru kwa maneno yangu mazuri, akasema Jumatatu kazi inaanza saa moja kamili.

Hotuba ya Kimya ilikuwa sentensi nne. Sauti haikumtetemeka, na kandambili zake hakuzitazama hata mara moja. Halafu akanifuata, akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba wiki yangu inaisha kesho na fagio liko nyuma ya kabati. Nimefagia. Kwa dharau.

Jumatatu, 11 Machi

Ovaroli inabana makwapani. Cheche imenitoboa soksi. Shemeji amenionyesha mara tatu jinsi ya kushika chuma. Mimi nimemweleza mara moja tu jinsi ya kuongoza karakana, na hakuandika popote.

Nimeutafakari sana uchaguzi ule na kosa nimeliona. Kosa ni muhuri. Bila muhuri barua zisingesomwa.

Wafanyakazi wa hapa ni wanne, na hawana mwenyekiti. Aibu iliyoje. Wakati wa chai nimezungumza na kila mmoja pembeni, kwa mdomo tu, bila karatasi. Wote wanne wamekubali kuwa makamu.