Servo Tatu na Mkia Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Ndege yangu ya rimoti imekamilika! Au karibu ikamilike. Mabawa kayachonga Dada kutoka povu gumu jeupe lililofungashiwa televisheni, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama shavu la mtoto. Nikiyashika naona mawingu. Chai yangu imepoa mezani nikiyatazama tu.

Imebaki servo moja. Kimota kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachosukuma kile kibao cha mkiani ili ndege ipande au ishuke. Servo ya kukata kona Dada ameifunga kwa dakika tano, bila hata kuifikiria. Niliumia. Hakupima chochote.

Dada anaondoka Jumapili. Kazi mpya, mbali, mwaka mzima. Nimemwahidi ataiona ikiruka kabla hajaenda. Akauliza ataona ndege kweli au ataona daftari. Nikamwambia aanze kuzoeza shingo kutazama juu.

Siku tano. Tele.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechora jedwali. Safu kumi na nne: uzito, kasi, nguvu, mlio na kadhalika. Nina servo mbili. Ya bluu ni nyepesi, meno ya plastiki. Nyeusi ni nzito, meno ya chuma, zawadi ya Mjomba, ambaye ni fundi redio. Mbili ni chache mno kwa utafiti. Kwa hiyo, mpango: Kinyozi.

Kinyozi tunasoma darasa moja na tunaishi ukuta kwa ukuta. Jina alilipata siku alipojinyoa mwenyewe akaishia nusu. Ndege yake ina gundi ya karatasi nyingi kuliko mabawa, na inaruka kila jioni, jambo lisilo la haki. Nikamwambia naandika utafiti mzito na jina lake litatajwa. Akang'oa servo ya mkiani papo hapo, akanikabidhi. Akasema, Profesa, we funga yoyote, itaruka tu. Nikatabasamu kwa huruma.

Faida ya ziada: leo jioni hakuruka.

Alhamisi, 7 Agosti

Kipimo cha nguvu. Unafunga uzi kwenye mkono wa servo, unaning'iniza vitabu. Nyeusi imeinua kamusi! Taratibu, kama mtu anayeamka vizuri, kurasa zikijifungua kwa upepo wa dirishani. Nikakaa kuitazama ikielea. Nilipokumbuka kuandika, saa nzima ilikuwa imepita.

Ya Kinyozi iliinua hisabati. Ilipofika jiografia ikatoa sauti ya mtu anayetafuna karanga. Meno yote yamekwisha. Kwenye safu ya nguvu nimeandika: “Bado inajadiliwa.”

Kinyozi akapita dirishani kuuliza utafiti unaendaje. Nikamwambia servo yake imenishangaza sana. Sikudanganya.

Dada naye akachungulia. Akasema, mdogo wangu, keshokutwa ndiyo Jumamosi. Nikamjibu zimebaki safu tisa. Akaenda kukunja nguo zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mshindi: nyeusi! Safu ya mwisho (mlio: mbu aliyeridhika na maisha) nimeimaliza saa tisa alasiri. Miadi uwanja wa shule, saa kumi. Nikaifunga mbiombio, juu chini, maana ndivyo ilivyokubali kukaa. Betri nikaisogeza puani ili uzito ulingane. Nilijiona mhandisi.

Kinyozi alifika akidai servo yake. Nikaungama kwamba imejitolea kwa ajili ya sayansi. Akasema basi jina lake lije kwa herufi kubwa. Halafu akaniambia, kabla hujarusha, bwana, tingisha kwanza rimoti uone mkia unaelekea wapi. Nikamweleza kwamba servo hii imefaulu mitihani kumi na minne. Akainua mikono, akarudi nyuma hatua tatu.

Dada akairusha.

Ilitoka mkononi mwake kama pumzi. Jua likapenya mabawa meupe yakawaka. Kwa sekunde mbili nilikuwa humo ndani, na paa za madarasa zilikuwa chini yangu kama vitabu vilivyolazwa kifudifudi.

Kisha nikavuta rimoti ipande. Ikashuka. Nikavuta zaidi. Ikashuka kwa bidii zaidi, kwa kasi na nguvu ile ile niliyoipima wiki nzima. Pua ikazama kwenye mchanga wa wanariadha wa kuruka mbali.

Servo ikikaa juu chini, inasukuma kinyume. Rimoti ina kiswichi cha kuigeuza. Kinyozi alinionyesha kwa ukucha wa kidole kidogo. Safu ya mwelekeo sikuwa nayo.

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Akafuta macho. Akafuta tena. Akasema ameiona, na sekunde mbili si haba. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 10 Agosti

Dada ameondoka. Getini alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema nimtumie video, hata ya dakika moja. Nikaapa.

Adhuhuri Kinyozi kaja na chupa ya gundi. Kakagua: imevunjika pua tu, servo nyeusi ni nzima, kiswichi tunakijua. Akasema jioni hii hii iko hewani, Dada atapata video kabla hajafika anakokwenda. Kweli kabisa! Tayari niliiona, nyeupe, ikiifuata barabara yake mpaka mwisho wa dunia.

Kisha nikasoma maandishi ya chupa. Hakuna lolote kuhusu kuhimili mtetemo wa mota.

Nimemrudisha Kinyozi nyumbani akalete gundi nyingine zozote walizonazo. Dukani ziko aina sita, kwa Mjomba tatu. Jedwali jipya lina safu ishirini. Ya kwanza kabisa, maana makosa yanafunza, ni mwelekeo wa gundi.