Nyufa Kumi na Tisa za Serikali

Watu wote wa Nkowe, Chunyu na vijiji vya jirani walitangaziwa kwamba, tangu Jumatatu ile, kanisa letu la udongo si bovu tena; ni la kale. Tangazo hilo alitusomea Bwana Saburi, Mhifadhi wa Majengo Yenye Umri, mwaka wa hamsini na tatu, akiwa amesimama juu ya sanduku la sabuni, maana yeye alikuwa mfupi na tangazo refu.

Kazi yake ilikuwa mpya. Mpango wa karanga wa Nachingwea ulipokwisha, karanga zilikuwa chache na maofisa wengi, na serikali haikuona vema mtu mwenye kofia akae bure.

Mimi ni Mwislamu, lakini kuta za kanisa lile nazijua kuliko wengi waliosali humo. Kila mwaka kabla ya mvua, wanawake wa msikitini na wa kanisani tulilikandika pamoja: udongo mwekundu, mchanga kidogo, majivu ukipenda. Darini ndimo tulimoweka mbegu zetu zote za mahindi na ufuta, kwa kuwa hapakuwa na paa jingine lisilovuja. Ukuta ukianguka, kijiji hakina cha kupanda.

Mwaka huo tulifika na ndoo zetu, Bwana Saburi akatuzuia mlangoni.

"Rudini. Jengo la kale halitengenezwi. Linahifadhiwa lilivyo."

"Limepasuka, bwana," akasema Mama Klementina, mkuu wetu wa kukandika.

"Nyufa nazo ni za kale."

"Ule mkubwa umeanza mwezi jana."

"Basi utakuwa wa kale. Tuupe nafasi."

Akazipima kwa uzi, akaziandika namba kwa chaki, moja hadi kumi na tisa. Kuziba ufa wenye namba, akatuambia, ni kuharibu mali ya serikali: kifungo wiki mbili.

"Na mbegu zetu?" nikauliza.

"Mbegu si za kale. Hazinihusu."

"Basi tuzitoe."

"Bibi wee, kutoa kitu ndani ya jengo la kale ni kulibadilisha!"

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa. Ufa namba kumi na tisa ukapanuka mpaka mbuzi akapita. Bwana Saburi akaupima upya, na katika taarifa yake akaandika kwamba ufa unaendelea vizuri.

Bahati mbaya mvua haikusoma tangazo. Ilimwingilia hata yeye, katika nyumba ya serikali, ya udongo vilevile, ambayo sisi ndio tuliokuwa tukiikandika. Jumamosi akatuita mbiombio. Mama Klementina akaizunguka nyumba taratibu.

"Nani aliijenga hii, bwana?"

"Mjerumani! Mwaka wa nane," akajibu kwa majivuno.

"Lo. Kanisa ni la mwaka wa kumi na moja."

Akatoa chaki, akaandika ukutani: moja. Mwanamvua, mke mwenzangu, akashika uzi.

"Mnafanya nini?"

"Tunahifadhi, bwana."

"Mimi nalala humu!"

"Lala tu. Ila kitanda usikisogeze. Utalibadilisha jengo."

Tulipofika namba sita, bonge la ukuta likaanguka ndani ya sahani yake ya wali. Bwana Saburi akaomba karatasi. Akaandika kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imeonekana kukandika nako ni jambo la kale, na lihifadhiwe. Akatia sahihi. Tukamshukuru sana, tukabeba ndoo zetu tukashika njia ya kanisani.

"Na hapa je?" akapiga kelele.

"Kule kuna mbegu za watu," nikamwambia. "Hapa kuna wewe."

Akatufuata mbio, akiuliza zamu yake lini. Sasa, kwetu sisi, anayefika wa mwisho kwenye kukandika ndiye anayekanyaga udongo. Alipofika, wanawake wote walikuwa wamekwisha fika zamani. Mama Klementina alinyoosha mkono tu, apokee viatu.