Ombi la Kushusha Mlima Unaomuumiza Mjomba Usumani

Mheshimiwa Gitifu, kiongozi wa umurenge, yaani kata yetu,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa mbio kidogo, maana mtu anaumia. Mimi ni Iradukunda, fundi simu wa hapa Nyamirambo. Udaktari pia najifundisha mwenyewe, kwenye simu za wateja.

Naushtaki mlima wetu. Unampiga mjomba wangu Usumani, fundi cherehani, kifuani.

1. Asubuhi akishuka, mzima, anaimba. Jioni akipanda, kifua kinambana kama kuna mtu amekikalia. Akisimama kwa Mama Mukarugwiza muuza mkaa, kinaachia. Akipanda tena, tena! Sasa Gitifu, hapo mshukiwa ni nani?

2. Usidhani nina chuki, wengine pia nimewachunguza. Brosheti, ile mishikaki ya pilipili? Zile zinaunguza ukishashiba ukalala. Yeye hata na njaa anabanwa. Misuli? Nilimbonyeza mbavu zote kama mtu anachagua parachichi. Akasema, "Haziumi, sha, ila ukiendelea utaumia wewe."

3. Mlima unarefuka! Zamani ulimshika karibu na nyumbani. Wiki hii unamshika hata mkaa hajaufikia, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Jana jasho la baridi. Nikamwambia twende hospitali. Akajibu, "Hospitali nayo iko juu ya mlima!" Umeona? Mlima umeziba hata njia ya dawa.

Kwa hiyo naomba umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu na jembe lake, tuushushe. Udongo upelekwe Kabuga, nafasi iko.

Wasalimie wote ofisini, hata yule mlinzi anayenizuia mlangoni.

Wako mtiifu, nimeshanoa jembe,
Iradukunda

Tanbihi: Barua nilimpa kwanza jirani yetu Uwineza, muuguzi, anisahihishie Kiswahili. Hakusoma hata kufika kwenye ombi la umuganda. Aliposoma habari za mkono na jasho aliitupa chini: "Huyo mjomba yuko wapi? Leo, si kesho!" Akapiga 912, gari la wagonjwa likaja kumchukua. Kumbe kifua kinachobana ukipanda na kuachia ukipumzika, ni moyo unakosa damu. Kikianza kubana kwa kazi ndogo, maumivu yakashuka mkono, jasho likatoka, hakuna kungoja. Rwose, kweli kabisa, mshipa wa moyo ulikuwa karibu kuziba! Wameuzibua, Mjomba yuko wodini anawatania manesi. Daktari ameamuru akitoka atembee kila siku, na mlima aupande taratibu.

Kwa hiyo mlima tunauhitaji. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu vijana wa mtaa nilishawaambia, na nasikia wameanza kuchimba. Tafadhali waamuru warudishe udongo.