Kilo Kumi na Nane

Jumatatu, tarehe 3

Kilo kumi na nane za vitunguu, kama kila siku ya kazi. Tisa zangu, tisa za Kimya, mpishi msaidizi mwenzangu. Kimya alimaliza saa mbili na nusu, akafuta ubao wake, akaenda kuchagua maharage, macho makavu kabisa. Mimi nilimaliza saa tatu na robo. Kamasi mpaka kidevuni. Wanafunzi wawili walipita dirishani wakaniamkia: shikamoo Mjomba Machozi. Miaka tisa katika jiko la chuo hiki, na jina nililochuma ndilo hilo.

Lakini leo kuna habari. Bi Mwiko, mpishi mkuu wetu, anastaafu Ijumaa baada ya miaka thelathini na moja. Mkuu wa chuo amemwachia yeye achague wa kumrithi: mimi au Kimya. Jina litatajwa kwenye chai ya kumuaga, saa nne asubuhi, mbele ya walimu wote, na atakayetajwa atakabidhiwa kisu cha Bi Mwiko.

Naandika kwa herufi kubwa: MPISHI MKUU HAKATI VITUNGUU. Anashika mwiko, anaonja, anakunja uso, basi. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka kazi hii. Nina miaka arobaini na sita. Nisipoipata sasa nitazikwa na harufu hii vidoleni.

Kimya ana miaka minne tu hapa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka minne nausubiri huo mshindo.

Mkakati: kuanzia kesho, asinione mtu nikilia. Mpishi mkuu gani hushinda akipenga kamasi?

Jumanne, tarehe 4

Nimeazima miwani ya kuogelea kwa shemeji yangu. Imebana vizuri, hata hewa haipiti. Kitunguu kimoja, viwili, vitatu, macho makavu! Kisha sufuria ya maharage ikaanza kuchemka, mvuke ukajaa, na miwani ikafanya ukungu. Nikamwona mtu mnene amesimama karibu na mlango. Nikajua ni mkuu wa chuo amekuja kukagua. Nikamwamkia, nikamweleza kwa kirefu mipango yangu ya usafi wa jiko. Hakujibu. Nikavua miwani. Lilikuwa gunia la unga. Mkuu wa chuo alikuwa nyuma yangu, ananisubiri nimalize na gunia.

Baada ya hapo nikajaribu mkate. Mama anayetuuzia vitunguu aliwahi kuniambia ukibana kipande cha mkate mdomoni, mkate hunywa ukali wote. Nikabana kipande kikubwa. Hapo hapo akaingia kiranja wa chakula kuuliza kwa nini maharage ya jana yalikuwa magumu. Sikuweza kujibu. Nilinyoosha mikono tu. Akaandika kwenye daftari lake kwamba mpishi msaidizi anakula mkate wa wanafunzi saa za kazi.

Bi Mwiko alilisoma daftari akashusha pumzi. Akaniambia tena maneno yale yale anayoniambia tangu mwaka wangu wa kwanza: mwanangu, noa kisu. Kisu butu hukiponda kitunguu badala ya kukikata, ndiyo maana kinakutemea machoni. Kinoo kiko pale kwenye rafu. Akanionyesha kwa kidole, kana kwamba sijui rafu ilipo.

Kunoa kisu! Wiki ya uchaguzi! Nani ana muda huo?

Jumatano, tarehe 5

Nimelia. Sitaki kulizungumzia.

La maana ni kwamba Ijumaa nitasema maneno mawili matatu kwa niaba ya jiko. Aliombwa Kimya kwanza, akatikisa kichwa. Mjinga yule. Nafasi ya dhahabu kaitupa, na mimi nimeidaka kabla haijagusa chini.

Hotuba nimeimaliza jioni. Kiini chake ni hiki: kitunguu hakionekani kwenye sahani, hakuna anayekisifu, lakini siku kisipotiwa kila mlaji anauliza leo kumetokea nini jikoni. Kisha napandisha sauti: Bi Mwiko, wewe ndiwe kitunguu chetu!

Nilimsomea mke wangu akiwa anakunja nguo. Akasema mwanzo ni mzuri sana, ila hakuna mwanamke wa miaka sitini anayetaka kuitwa kitunguu mbele za watu. Nikamweleza kwamba hiyo ni sifa kubwa. Akaniuliza mbona yeye sijawahi kumwita hivyo. Nikageuza ukurasa. Akaniuliza pia kwa nini nisitulie tu, nifanye kazi yangu vizuri mpaka Ijumaa. Mke wangu ni mtu mwema lakini haelewi mikakati.

Jambo jingine. Nyuma ya jiko, kando ya bomba, Bi Mwiko ana kijibustani chake. Kitunguu kikichipua guniani hakitupi, anakwenda kukichomeka pale. Sasa vimetoa mashina marefu, na juu ya kila shina kuna ua jeupe la duara, kubwa kama ngumi. Yako kumi na moja. Yanapendeza kweli. Hakuna anayeyatumia kwa lolote, yanasimama tu kuliwa na nyuki. Nimeshajua la kuyafanyia.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya akili. Naandika nikiwa nimejipongeza kwa soda.

Nimewaza hivi: kesho saa nne nitasimama mbele ya walimu wote. Nikikata vitunguu asubuhi, nitasimama na macho mekundu na pua inayovuja. Dawa? Vya kesho nivikate leo. Rahisi hivyo! Miaka thelathini na moja yote hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili katika jiko letu.

Bi Mwiko alikuwa amekwenda kwa fundi kujaribu gauni la kesho. Baada ya chakula cha mchana nikakata kilo tisa zangu, na kwa wema wa moyo wangu nikakata na tisa za Kimya, ili wote waone nani mchapakazi. Nililia mpaka nikaona viwili viwili, lakini hayo yalikuwa machozi ya mwisho. Mabeseni mawili yakajaa. Mifuniko yote ilikuwa kwenye masufuria ya jioni, nikayaacha wazi. Nikayaweka katika chumba cha baridi, kwenye rafu ya chini, kando ya ndoo nne za maziwa ya chai zilizofunikwa kitambaa chepesi.

Kimya akaingia. Akatazama mabeseni. Akatazama ndoo. Akaniuliza kama nayaacha hapo. Nikamjibu naam, hapo. Akaniuliza kama usiku kucha. Nikamwambia usiku kucha, ana la ziada? Akainama, akaanza kuhamisha ndoo moja. Nikaielewa hila yake mara moja: anataka aonekane na yeye kashiriki. Nikairudisha ndoo mahali pake. Akaihamisha tena. Nikairudisha tena, nikamkumbusha kwamba bado hajawa mpishi mkuu wa mtu. Akanitazama kidogo, akatoka.

Wivu huo! Nimekata mzigo wake na bado ananichimba.

Ijumaa, tarehe 7

Nitaandika hata hivyo.

Niliwahi jikoni kabla ya wote. Macho meupe, aproni imepigwa pasi. Nikachemsha chai mwenyewe, maziwa ndoo zote nne, sukari ya kutosha. Nikaonja. Nzuri sana. Kimya alipofika alisimama mlangoni akinusa, akafungua mdomo, nami nikamtuma haraka ukumbini akapange viti. Kisha nikakata maua yote kumi na moja, nikayafunga kwa utepe wa mke wangu.

Saa nne. Walimu wote, wafanyakazi wote, Bi Mwiko ndani ya gauni jipya la kijani. Chai ikamiminwa. Mkuu wa chuo akainua kikombe, akasema tunywe kwa heshima ya mama yetu huyu, akapiga funda, akakitua kikombe mezani. Ukumbi wote ukapiga funda, ukanyamaza. Mwalimu wa hesabu akamnong'oneza mwenzake kama hii ni supu au chai. Mwingine akanusa kikombe, akakisukuma mbali kwa kidole.

Sasa niseme ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Mtu aliyekaa na vitunguu miaka tisa harufu yake haisikii tena. Mimi nilionja chai. Nilionja chai nzuri. Maziwa yalikuwa yamenywa kilo kumi na nane za vitunguu usiku kucha na mimi sikusikia kitu.

Bi Mwiko ndiye peke yake aliyeendelea kunywa. Alifumba macho, akamaliza kikombe chote, taratibu, mpaka chini.

Wakati huo mimi sikuelewa kitu. Nilidhani kimya kile ni cha simanzi. Nikasimama. Nikasoma hotuba yote. Nilipofika mahali panaposema kitunguu hakionekani lakini kila mtu hukitambua, mwalimu wa hesabu alitoka nje akiwa ameziba mdomo. Nikapandisha sauti: Bi Mwiko, wewe ndiwe kitunguu chetu! Hapakuwa na makofi. Nikadhani wameguswa mno. Nikamkabidhi maua.

Aliyatazama muda mrefu, moja moja, kama anayahesabu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeyakata yote. Nikamwambia kwa fahari kwamba sikubakiza hata moja. Akasema alikuwa anangoja mbegu. Zilibaki kama wiki mbili hivi zikauke, azichukue, akazipande kwake.

Mkuu wa chuo alikuwa ameshika bahasha. Akamwinamia Bi Mwiko sikioni. Bi Mwiko akatikisa kichwa. Wakanong'onezana kidogo, na bahasha ikarudi mfukoni bila kufunguliwa. Kisha mkuu wa chuo akatangaza kwa mdomo: Kimya.

Kimya alipokea kisu kwa mikono miwili. Akasema asante. Neno moja! Wakampigia makofi dakika nzima.

Mke wangu ameuliza imekuwaje. Nimemwambia kichwa kinaniuma.

Jumamosi, tarehe 8

Bi Mwiko alikuja jikoni asubuhi kuchukua vitu vyake: kanga ya kazi, kikombe chenye ufa, redio ndogo. Sikutaka kumwona. Nikajifanya napanga magunia. Akaja mpaka pale, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nikamwomba radhi kwa maua. Akasema kitunguu kitachipua tena, vitunguu havijui kinyongo. Nikamwomba radhi kwa chai. Akacheka kidogo, akasema katika miaka thelathini na moja hata yeye aliwahi kuunguza maji. Nikaona yuko laini, nikamuuliza kwa nini basi si mimi.

Akanijibu polepole, kwa upole unaoumiza. Alisema jina langu alilipeleka Jumatatu asubuhi, kabla hata hajatutangazia. Barua ilishapigwa chapa, ndiyo ile ya kwenye bahasha. Alisema miaka tisa ameniona nikilia kila siku na kila siku nikirudi, na mtu wa namna hiyo hupewa jiko. Nilichotakiwa kufanya ni kupika tu mpaka Ijumaa. Lakini alipogundua kwamba nimeonja ile chai na nikaipeleka, alijiuliza wanafunzi mia tatu watakula nini.

Kisha akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kinoo. Kile kile cha rafuni, chake mwenyewe, kimelika katikati kwa miaka yote ile ya kunolea kisu. Akasema kisu amempa anayejua kukitunza, lakini kinoo ameniwekea mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekihitaji. Akanishika bega, akaniita mwanangu, akaondoka na redio yake.

Nililia. Kimya alikuwa anapita na mwiko wake mpya. Nikamwambia ni vitunguu hivi. Akatazama huku na huku. Leo Jumamosi, jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja. Akaitikia kwamba ndiyo, vikali sana wiki hii, akaenda zake.

Nimefika nyumbani nimemwambia mke wangu kila kitu. Hakunicheka. Aliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akanichemshia chai. Ya rangi.

Jumapili, tarehe 9

Mtu mpya leo. Nimesamehe wote, hata mwalimu wa hesabu.

Kesho chakula cha mchana ni samaki. Kimya ameniagiza niwaparue kesho asubuhi, akarudia mara mbili: kesho, si leo. Na vitunguu tutagawana kama zamani, eti yeye ataendelea kukata nusu yake. Mpishi mkuu anayekata vitunguu! Cheo amepewa, hajui hata kukitumia.

Basi nimekaa, nimefikiri. Kosa langu la Alhamisi halikuwa kufanya kazi mapema. Kufanya kazi mapema ni jambo jema. Kosa lilikuwa vitunguu. Samaki hamlizi mtu.

Nimekwenda jikoni mchana huu, jikoni kweupe, hamna mtu. Nimeparua samaki wote mia moja na hamsini, nimewaosha, nimewapanga kwenye sufuria kubwa. Kisu kilikuwa kinateleza teleza, sijui kina nini. Kesho Kimya atafungua mlango wa chumba cha baridi na atakuta kazi imekwisha. Atajuta.

Nafasi ilikuwa moja tu, rafu ya chini, kando ya maziwa. Safari hii nimekumbuka mfuniko, mimi si mjinga. Sufuria ilikuwa imejaa mno, mfuniko ukawa unakaa upande upande. Nilihitaji kitu kizito cha kuugandamiza, nikatazama jiko zima bila kukipata. Halafu nikakumbuka kinoo cha Bi Mwiko kwenye mfuko wangu. Nimekiweka juu pale, kimekaa vizuri, pengo limebaki dogo tu.

Mungu ambariki mama yule. Alijua nitakihitaji.