Mkubwa Hapendi Kelele

Siku Swalihu alipogundua kwamba simu ya mkononi inaweza kuficha namba ya mpigaji, alikuwa mgahawani Makole, Dodoma, anakunywa chai ya mkopo. Alibonyeza hapa na pale, kisha akampigia rafiki yake Iddy aliyekuwa meza ya pili. Iddy akatazama kioo, hakuona namba, akasimama.

"Mbona umesimama?" Swalihu akamuuliza.

"Nilidhani mkubwa."

Hapo ndipo riziki ilipofunguka. Dodoma ni mji wa ofisi. Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinashika, na watu walikuwa wamekwisha kukubaliana, bila kuambiwa na yeyote, kwamba namba isiyoonekana ni ya mtu mzito, na simu ya mtu mzito huipokei umekaa. Swalihu hakuitunga imani hiyo. Aliikuta haina kazi, akaiajiri.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Swalihu anakaa na mtu mwenye shida, Iddy anapiga kutoka nyuma ya jengo, Swalihu anaruka kitini. "Ndiyo, Mkubwa. Niko naye hapa, Mkubwa." Mkubwa huyo hakuwa na jina, cheo wala ofisi, na kwa sababu hiyo hakuna jambo lililomshinda. Mwalimu Batholomeo wa Gulwe, aliyetaka kuhamishiwa mjini, alileta beberu mnene wa kumlainisha Mkubwa. Mama Evarista, mwenye gesti Area D, alitaka wajumbe wa semina walale kwake. Yeye aliombwa jenereta.

"Umeme ukikatika wageni wangu wataoga gizani, baba," alisema.

"Mama, wageni wa Mkubwa wakianza kuja, utanunua mpya na ya akiba."

Mama akakubali, lakini uso ulimsawijika, na Swalihu akamhurumia. Tangu aanze kufika pale gesti alikuwa anakula mlenda wake bila kulipa. Akaichukua simu ya mama, akaibonyeza, akaificha namba yake. "Kuanzia leo na wewe utapokewa kwa heshima," alimwambia, wala hakumtoza kitu. Ulikuwa wema wake wa pekee mwaka ule, na ndio uliomponza.

Msimwone mwizi tu. Kondoa kulikuwa na Nasma, na baba yake, Mzee Mohamedi, alikwisha kusema hatoi binti kwa mtu ambaye kazi yake haielezeki. Kwa jenereta ile Swalihu angefungua kibanda cha video, aache uongo, aoe. Alimpenda Nasma kweli, hilo tusimnyang'anye.

Asubuhi ya safari ya Kondoa, pikapu ya kukodi ilisimama mbele ya mgahawa Makole, jenereta na beberu nyuma. Dereva alikuwa Sostenes, mtu mpole ambaye Swalihu hakuwahi kumuuliza anaimba kwaya na nani. Swalihu na Iddy walikuwa ndani wanamalizia supu simu ilipoita. Kioo hakikuonyesha namba.

Swalihu akamtazama Iddy. Iddy alikuwa na kijiko mkono mmoja, ndimu mkono wa pili.

"Siyo mimi," Iddy akanong'ona.

Wakasimama wote wawili.

"Bwana Swalihu?" Ilikuwa sauti ya kike, kavu, ya ofisini. "Usikate. Mkubwa anataka kuzungumza nawe."

"Mkubwa yupi, dada?"

"Kwani wapo wangapi?"

Swalihu akaona aibu kwa swali lake.

"Amesikia kuna kijana anawafungulia watu milango," sauti ikaendelea. "Anatafuta mtu wa namna hiyo, wa mshahara. Tafuta mahali patulivu. Mkubwa hapendi kelele."

Mshahara. Swalihu akamwona Mzee Mohamedi akicheka. Akatoka haraka hadi nyuma ya mgahawa, Iddy akimfuata huku anafunga kifungo cha shingo, wakajipanga ukutani miguu pamoja. Mtu aliyemtunga Mkubwa kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa anatokwa jasho akimsubiri.

"Anamalizana na mgeni. Usikate."

Mbele ya mgahawa gari likanguruma. Iddy akachungulia. "Swalihu, jene—"

Swalihu akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nani huyo anapiga kelele?" sauti ikauliza.

"Hakuna mtu, dada."

Pikapu ikapinda kona polepole, ikapita mbele yao. Sostenes alikuwa kwenye usukani. Katikati alikaa mwanamke mwenye miwani, simu sikioni. Dirishani alikaa Mama Evarista, ambaye alinyoosha mkono akaipokea simu ile.

"Shikamoo, mama," Swalihu akasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, baba. Jana nilimpigia mdogo wangu Aneth huyu, karani wa ofisi, nimuulize bei ya mchele. Hakuona namba, akaniita mheshimiwa, akasema ananisikiliza amesimama. Nikajiuliza, mimi nimekuwa mkubwa lini?"

Swalihu akaiangalia jenereta. Kondoa ilikuwa mbali kuliko jana.

"Sostenes tunaimba naye kwaya, jenereta anairudisha kwangu. Beberu wa mwalimu anarudi Gulwe kwa treni," mama akaongeza. "Wewe usikate, baba. Mkubwa yuko njiani."

Pikapu ikashika njia ya Area D. Iddy akaketi chini, akalia kidogo. Swalihu alibaki amesimama, simu sikioni, miguu pamoja, na Mungu amsamehe, hakukata.