Vita vya Odero na Mtaro wa Bwaise

Tegeni masikio, enyi watu wa mabondeni na wa vilimani, nanyi mpitao mkidai kwamba hamkai! Yasimuliwa hapa mambo ya Odero, simba wa mabeseni ya plastiki, fahari ya soko la Kikuubo, aliyetoka Kenya akaingia Kampala mwaka wa tisini na saba kwa matembezi ya wiki moja, apate kuliona ziwa kutoka upande wa pili. Na miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa angali anatembea.

Katika matembezi hayo alifungua duka la jumla, akaoa, akapata binti, Dolphine, akanunua nyumba ya vyumba vitatu kule Bwaise, juu ya ardhi aliyokodishwa kwa miaka arobaini na tisa. Hata hivyo, kila Jumamosi majirani walipotoka kuzibua mtaro, kila mwenye nyumba mbele ya mlango wake, Odero alisimama kizingitini, shati limepigwa pasi, akatangaza: "Ndugu zangu, mimi ni mtalii tu." Kisha akarudi ndani kunywa chai.

Ndipo mvua ya Aprili iliposhuka na majeshi yake yote. Maji meusi yalikikosa kizingiti cha Odero, kilichoinuliwa kwa busara kuu, yakavamia kwa jirani yake Rukiah, mjane wa Kinubi, msusi wa vikapu. Rukiah akatoka, kazi ya miezi minne kichwani, maji magotini.

"Ewe Baba Dolphine! Mtaro umeziba mbele ya mlango wako, si wangu. Vikapu vya harusi ya watu vinaoza! Watalii huja na kurudi kwao. Wewe unarudi lini, nianze kukuaga?"

Odero alijitazama toka shati hadi viatu. Alijiona jinsi alivyo: mtalii mwenye kitambi, tangi la maji na funguo saba za milango. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akavua viatu, akaazima jembe, maana la kwake hakuwa nalo, akatumbukia.

Chini ya kalvati alimkuta adui: godoro bovu, zito kama kifaru. Akalivuta, nalo likamvuta. Lilimbwaga mara mbili, na mara ya pili akameza kitu ambacho historia haitakitaja.

Asuman, mwenyekiti wa mtaa, alifika chini ya mwavuli. "Ssebo, bwana wangu, vuta kulia!"

"Kulia kwako au kwangu?" shujaa alinguruma.

Mara ya tatu godoro lilichomoka kwa kishindo, na nyuma yake yakafuata mabeseni manne yaliyopasuka, yote ya duka lake. Maji yakashuka vidole vinne. Vinne, enyi wasikilizaji!

Asuman akatoa daftari la wakazi. "Sasa nikuandike nani? Bado mtalii?"

Odero, tope hadi kwenye nyusi, alimtazama Rukiah akikung'uta vikapu, kimoja kimoja. "Andika mwenye nyumba."

"Basi Jumamosi, saa moja asubuhi," akasema Rukiah, "na uje na jembe lako."

Na ikumbukwe vizazi kwa vizazi: siku hiyo, baada ya miaka kumi na mitatu safarini, Odero aliwasili Kampala.