Waraka wa Nafasi Nne

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Kurugenzi ya Mifumo ilitangaza mwisho wa zama za mistari iliyokaa ovyo. Faili zote za programu, elfu nne mia moja na kumi na mbili, zingepangwa upya: kila mstari wa ndani uanze baada ya nafasi nne. Si mbili, si tatu, wala si kwa kubahatisha.

Mkurugenzi aliusoma waraka kwa sauti mara mbili, ya pili kwa raha zake. Programu hakuzijua. Alichojua ni kwamba mwezi ujao kiti cha Katibu kingekuwa wazi, na kwamba unadhifu huonekana hata na asiyejua kusoma.

Mwandishi wa programu, mama aliyeanza kazi humo enzi za kompyuta zenye kisogo, akatunga skripti fupi ya kuzipanga faili zote kwa mkupuo.

"Dakika mbili tu, bosi. Ila niiendeshe kwa jina la nani? Mfumo huandika jina la aliyeugusa kila mstari mara ya mwisho."

"Langu."

"Mistari yote?"

"Kwani mama, nafasi nne uliziota wewe?"

"Haya, basi bonyeza mwenyewe, nisije nikakupunja."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayezindua daraja.

Alhamisi wakaja wastaafu sitini na watatu. Mfumo ulikuwa umewaandika marehemu. Mmoja alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa makusudi, ili iwe ushahidi. Kosa lenyewe lilikuwa katika mstari mmoja wa programu, na lilikuwa na umri wa miaka sita.

Mkurugenzi hakulaza damu. Aliunda kamati, akajiteua mwenyekiti, akaweka kanuni: aliyeugusa mwisho mstari wenye kosa ndiye atakayejibu. "Kugusa ni kugusa," alisema. "Sitaki hadithi."

Mstari ukaonyeshwa ukutani. Pembeni yake, jina la Mkurugenzi.

"Na wa juu yake?"

"Wewe, bosi."

"Wa chini?"

"Wewe. Mpaka ile faili ya zamu za walinzi."

"Lakini mimi nimesogeza tu!"

"Kugusa ni kugusa, Mwenyekiti," akasema mjumbe wa mwisho mezani, akiwa tayari anaandika.

"Zirudishe zilivyokuwa!"

"Hata sasa hivi," akajibu mama. "Ila mfumo utamwandika atakayerudisha. Nani abonyeze?"

Wajumbe wakaanza kukagua viatu vyao.

Basi Mwenyekiti akamwandikia Mkurugenzi barua kali ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba. Mkurugenzi akaipokea, akatia sahihi kwenye daftari la barua. Siku ya sita akaandika kwa unyenyekevu kuomba aongezewe tatu.

Mwenyekiti, mtu asiyejua upendeleo, akakataa.